Saa ya Msindano wa Kaskazini

Zaidi ya theluthi mbili za ardhi ya Uswidi ni misitu, na sehemu kubwa ya misitu hiyo ni miti ya aina mbili tu: msindano na mspurusi. Msindano wa huko si ndugu wa karibu wa ule tuuonao Sao Hill nchini Tanzania, ambao asili yake ni Mexico na ambao aliyeupanda kijana huuvuna akiwa bado na nguvu. Kaskazini mwa Uswidi mti hungoja karne nzima. Tangu 1903 sheria inamtaka mwenye msitu aoteshe upya baada ya kuvuna, na ukikosea mbegu, kosa lako watalikuta wajukuu limesimama.

Na ni rahisi kukosea. Msindano huhesabu urefu wa usiku: usiku ukirefuka, huacha kukua na kujiandaa kwa baridi. Mbegu ya kusini ikipelekwa mbali kaskazini, ambako usiku wa kiangazi ni mfupi mno, mche huendelea kurefuka, na barafu huukuta ungali laini.

Ndiyo maana kazi ya Skogforsk, taasisi ya utafiti wa misitu yenye kituo Sävar karibu na mji wa Umeå, inanivutia sana. Miti bora ilitafutwa msituni mmoja mmoja: iliyonyooka, mirefu, yenye matawi membamba. Vikonyo vyake vya kileleni vilibebeshwa kwenye miche, ikapandwa katika mashamba ya mbegu. Kwa kuwa kiangazi cha kaskazini ni kifupi na mbegu nyingi haziivi, mashamba mengi ya misindano ya kaskazini yamewekwa kusini zaidi. Hapo likazuka tatizo jingine: chavua ya misindano ya jirani hupeperushwa na upepo hadi shambani, na watoto wake hawastahimili baridi sawasawa.

Uzao wa kila mti hupimwa mashambani kwa miaka kumi na zaidi. Mwaka 2013 wanasayansi wakiongozwa na watafiti wa Umeå walichapisha jenomu ya mspurusi, yenye herufi zipatazo bilioni 20, karibu mara saba ya zile za binadamu. Sasa, kwa kusoma jeni, wanajaribu kuutambua mti bora ungali mche. Ustahimilivu wa baridi, hata hivyo, huweza kupimwa kwa njia nyepesi: miche hugandishwa ndani ya kabati la baridi, kisha zikipita siku kadhaa, mtafiti huinama na kukagua sindano zilizogeuka kahawia.