"Nimechoka Jamani": Ujumbe Unaongoja Jibu

Tuseme ni saa sita usiku, Ikungi mkoani Singida. Kijana mmoja amelala chali gizani, simu ikiwa imebakiwa na chaji kidogo. Msimu huu alizeti haikulipa, na mkopo wa kausha damu umezaa mkopo mwingine. Anaandika kwenye kundi la WhatsApp la aliosoma nao sekondari: "Nimechoka jamani. Bora nisiwepo." Dakika mbili baadaye kinaingia kikatuni cha kucheka. Mwingine anaandika, "Acha kiki mkuu." Wa tatu anatuma mkeka wake wa kubeti. Waliousoma ujumbe ni kumi na wanane, na hakuna aliyempigia.

Kijana huyo ni wa mfano tu, lakini ujumbe wake si mgeni kwa wenye simu.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walijiua mwaka 2021. Karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua kulikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Wanaowaza kujiua bila kufikia hatua hiyo ni wengi zaidi. Sababu huwa haiji peke yake: sonona, madeni, ugomvi wa ndoa, pombe, ugonjwa wa muda mrefu na msiba hurundikana, mpaka mtu anabaki na hamu moja tu, maumivu yakome, na haoni mlango mwingine. Hata hivyo mawazo hayo hupanda na kushuka. Saa ile mbaya kuliko zote inaweza kupita, hasa akiwapo mtu wa kukaa naye.

Kwa nini basi aandike kwenye simu, ilhali kaka yake amelala chumba cha pili?

Kwanza, kijijini siri haikai. Pili, msaada unaonekana uko mbali. Singida ina watu zaidi ya milioni 2, na hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko Dodoma, zaidi ya kilomita 200 kutoka Singida mjini. Kwa anayetoka wilaya ya Mkalama safari inazidi. Mirembe ilifunguliwa mwaka 1927, na jina lake limegeuzwa tusi la mtaani: "Huyo wa kupelekwa Mirembe." Si rahisi kuomba msaada kwa jina unalotukaniwa. Tena kuna utani. Watani hutaniana hata msibani, kwa hiyo neno kama "nikifa msinililie" hupita kama mzaha. Mwenye maumivu anaweza kujificha humo humo: akiona wenzake wamecheka, naye anacheka.

Sheria nayo inafunga midomo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Hapo ndugu wanapata sababu ya kumfikisha mgonjwa wao hospitali wakiwa na hadithi ya ajali, na mganga anatibu mwili bila kuambiwa kilichomsibu mtu. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Ghana ilifuta chake mwaka 2023.

Wanaosoma ujumbe kama huo usiku hunyamaza kwa kudhani kwamba kumsaidia mwenzao ni kazi ya daktari. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1953 Chad Varah, kasisi wa Kianglikana jijini London, alianzisha huduma ya simu kwa waliokata tamaa. Alitarajia kuwashauri yeye mwenyewe. Watu wakawa wengi, ikabidi wangoje zamu, na watu wa kujitolea wakawa wanawapa chai na kuwasikiliza. Baada ya muda Varah aligundua kwamba wengi, wakishazungumza na yule aliyewapa chai, wanaondoka bila kuhitaji tena kumwona kasisi. Huduma yake, Samaritans, ikajengwa juu ya wasikilizaji hao, na jirani zetu wa Befrienders Kenya wanafuata mtindo uleule.

Afrika nayo ina mfano wake. Dixon Chibanda, daktari wa afya ya akili nchini Zimbabwe, mwaka 2006 alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare, jijini Harare, kukaa na wenye mawazo mazito kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliozungumza na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi hizo zimefika hadi Zanzibar.

Turudi Ikungi. Aliyesoma ujumbe ule atoke kwenye kundi, amfuate mwenzake pembeni, ikiwezekana kwa sauti: "Mwanangu, nimeona ulichoandika. Unawaza kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Tafiti hazijaona hivyo. Anayeulizwa waziwazi mara nyingi hupumua. Kisha asikilize. "Wapo wenye shida kuliko wewe" au "hiyo ni dhambi" ni maneno ya kumnyamazisha. Akisema amekwisha kupanga, hapo siri haifai tena: apigiwe kaka, jirani au mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa kukaa naye mpaka kuche na kuondoa karibu yake chochote cha kujidhuru. Simu inafika mbali, ila haiwezi kumshika mtu mkono.

Mtandao una ubaya wake pia. Wapo wanaopiga picha ujumbe wa mtu na kuusambaza, na wapo wanaomchochea. Kumshawishi au kumsaidia mtu kujiua ni kosa kubwa chini ya kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu ileile.

Asubuhi, asiachwe aende peke yake. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Walio upande wa Mkalama wana pia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ng'ambo ya mpaka, mkoani Manyara, yenye kliniki ya afya ya akili. Mtoto anaweza kupiga 116, na kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199. Na kama ni wewe unayesoma haya ukiwa na mawazo hayo, usingoje kundi lijibu. Mwamshe mtu aliye karibu sasa hivi, umwambie kwa maneno yako.