Fahamu: Kumwandikisha mzazi mzee katika kaya ya TASAF

Msaada wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, Tanzania), ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020, hutolewa kwa kaya. Bibi anapoacha shamba la mpunga ng'ambo ya mto Kilombero na kuhamia kwa mwanawe Ifakara, familia hutoa taarifa ofisi ya mtaa ili orodha ya wanakaya ihuishwe. Mtu mmoja hahesabiwi katika kaya mbili.

Mzazi akihamia, ugali wa kupika huongezeka, lakini ruzuku ya msingi haiongezeki. Nyongeza ya ruzuku hulenga hasa watoto na wenye ulemavu, si wazee. Hili ni pengo linaloumiza. Kwa kulinganisha, Zanzibar, tangu Aprili 2016, wazee wa miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni jamii wao wenyewe, bila kujali wanaishi kwa nani.