Je, Wajua? Koboko Anapokosa Tundu la Ufunguo

Je, wajua kwamba koboko, nyoka anayewatia hofu wafugaji kuanzia Kongwa hadi Manyoni, si mweusi hata kidogo? Ngozi yake ni ya kijivu au hudhurungi. Cheusi ni kinywa chake kwa ndani, na ukishakiona umemsogelea mno.

Sumu yake inakimbilia mahali neva inapokutana na msuli. Hapo pana mwanya ambao unywele mmoja unauzidi unene zaidi ya mara elfu. Ukitaka kuinua jembe, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini mwanyani. Ng'ambo, juu ya msuli, zinasubiri protini za kuipokea. Kila moja imeundwa kwa vipande vitano vilivyosimama duara kama mbao za pipa, katikati pana kitundu kilichofungwa. Molekuli mbili za asetilikolini zikikaa penye nafasi zake, kitundu hufunguka, sodiamu huingia, msuli hujikunja.

Sasa mlete koboko. Katika sumu yake mna protini ndogo sana, yenye asidi amino 60 hadi 75 hivi, iliyokunjwa mfano wa mkono wa vidole vitatu. Kidole kinajichomeka palepale pa asetilikolini na kung'ang'ania. Neva inapiga hodi, msuli hausikii. Kope hulegea, ulimi unakuwa mzito, kisha misuli ya kupumua inagoma. (Aliyeumwa akimbizwe hospitali, tena bila kuchanjwa wala kunyonywa jeraha.) Ajabu ni kwamba vidole vitatu hivyohivyo vina kazi nyingine: mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba protini fulani za koboko, mambalgini, huwatuliza panya maumivu.

Na nyegere je? Warina asali wanamjua kwa kuvunja mizinga, lakini nyoka wenye sumu nao ni kitoweo chake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza sababu mojawapo ya sumu kutomlemea: kwenye protini yake ya kupokea asetilikolini, asidi amino ya 187 imebadilika kuwa arginini, yenye chaji chanya. Vidole vya sumu navyo vina chaji chanya, basi vinasukumwa nje. Badiliko hilohilo limetokea pia kwa jamaa wa kalunguyeye na kwa nguruwe, kila mmoja kivyake. Nguruwe! Nguchiro ana ujanja mwingine: papo hapo pa 187 amebandika sukari, na vidole vinakosa pa kupita. Swila naye ana sukari yake jirani na hapo, ndiyo maana sumu yake mwenyewe haimlazi.

Hata hivyo nyegere asijivune mbele ya koboko. Nyoka huyu hubeba pia dendrotoksini, zinazoilazimisha neva kumwaga asetilikolini bila breki, na arginini ile haizizuii.