Cheche kwa Wakati Wake: Kufunga na Kupanga Distribyuta ya Volkswagen ya Zamani

Injini ya petroli yaweza kuwa na betri yenye nguvu, kabureta safi na mafuta ya kutosha, na bado ikakataa kuwaka, au ikawaka na kukosa nguvu mlimani. Mara nyingi kasoro si kwamba cheche haipo, bali ni kwamba cheche inakuja wakati usio wake. Cheche ya namna hiyo ni sawa na mpiga ngoma asiyewasikiliza wenzake: ngoma yalia, lakini wachezaji wote huvurugika.

Chombo kinachogawa cheche hizo ni distribyuta. Magari mapya hayana tena chombo hiki, kwani kazi yake hufanywa na mitambo ya elektroniki. Hata hivyo, magari ya zamani yaliyotunzwa vema bado yanakitegemea. Mojawapo ni Volkswagen aina ya Beetle, lenye umbo la mgongo wa kobe. Gari hilo lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. La mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, mwezi Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya magari milioni 21.

Kazi ya distribyuta

Ndani ya distribyuta mna pointi, yaani vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, koili hutoa umeme wa maelfu ya volti. Umeme huo hupita kwenye rota, nayo huupeleka kwa plagi ya silinda ambayo zamu yake imefika.

Injini ya silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, huhitaji cheche 100 katika kila sekunde moja. Kosa dogo la wakati, basi, hurudiwa mara nyingi mno kabla ya dereva kulitambua.

Cheche ikiwahi kupita kiasi, mafuta huwaka wakati pistoni ingali inapanda. Injini hugonga, joto huzidi, na mwishowe pistoni huweza kutoboka. Cheche ikichelewa, gari hulegea, hula mafuta mengi, na injini hupata joto vilevile. Beetle hupozwa kwa upepo wala haina maji, kwa hiyo haina uvumilivu mkubwa kwa makosa ya aina hii.

Sikio hudanganya

Wako mafundi ambao huilegeza distribyuta injini ikiwa inanguruma, wakaigeuza huku na huku, kisha wakaikaza pale sauti inapopendeza. Desturi hii ni ya hatari. Cheche inapowahishwa, injini iliyosimama bila mzigo huongeza mwendo na sauti huwa changamfu. Mwenye gari hufurahi, hulipa na kuondoka. Siku anapopakia jamaa na mizigo na kuupanda mlima mrefu, ndipo ile sauti nzuri inapomgharimu injini nzima. Wakati wa cheche hupimwa, haubahatishwi.

Hatua za kufuata

Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe. Ondoa waya wa betri. Kabla ya kuitoa distribyuta ya zamani, tia alama mahali rota inapoelekea. Alama ya chaki ya dakika moja huokoa kazi ya nusu siku.

Pili, tafuta silinda namba 1. Ukisimama nyuma ya gari na kutazama mbele, silinda hiyo iko upande wa kulia, nayo ndiyo ya mbele. Toa plagi yake, ziba tundu kwa kidole, kisha izungushe injini kwa spana kwenye nati ya puli ya dinamo, kwa kufuata mwendo wa saa. Upepo ukianza kusukuma kidole, pistoni inapanda ikibana. Jambo hili halina budi kuhakikishwa, kwa sababu injini huzunguka mara mbili kwa kila cheche moja ya silinda. Alama ya puli hufika mahali pake mara zote mbili, lakini ni mara moja tu ambayo ndiyo zamu ya cheche.

Tatu, endelea kuzungusha polepole mpaka alama ya puli ilingane na mstari wa maungano ya nusu mbili za injini. Katika injini nyingi za 1300 na 1500 za miaka ya 1960, alama inayotakiwa ni ya digrii 7.5 kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Injini nyingine hutofautiana, hivyo kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kufuatwa.

Nne, ingiza distribyuta. Ulimi ulioko chini yake haukuwekwa katikati, kwa hiyo huingia kwa namna moja tu, usiulazimishe. Rota ielekee kwenye mfuo mdogo ulio ukingoni mwa distribyuta, ambao ni alama ya silinda namba 1.

Tano, izungushe injini hadi pointi ziachane kabisa, kisha rekebisha nafasi yake iwe milimita 0.4. Kazi hii hutangulia kupanga wakati, kwani kuibadili nafasi ya pointi ni kuubadili wakati wa cheche. Baada ya hapo irudishe injini kwenye alama, ikiwa katika zamu ileile ya kubana.

Sita, rudisha waya wa betri. Chukua taa ndogo inayolingana na volti za gari. Waya wake mmoja uunge kwenye koili, pale panapotoka waya uendao distribyuta, na wa pili kwenye chuma cha injini. Fungua swichi. Geuza distribyuta kufuata mwendo wa saa mpaka taa izimike, kisha irudishe taratibu sana kinyume chake. Pale taa inapowaka tu, simama: hapo ndipo pointi zinapoachana. Kaza, kisha funga swichi.

Mwisho, rudisha plagi na kifuniko. Panga waya za plagi kwa kufuata mwendo wa saa: 1, 4, 3, 2, ukianzia kwenye alama ya namba 1.

Tahadhari

Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Watoto wakae mbali, na waya za plagi zisiguswe injini ikifanya kazi.

Pointi huchakaa, na nafasi yake inapopungua cheche huanza kuchelewa. Yafaa zikaguliwe kila gari linapohudumiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya taa moja ndogo haifanani kamwe na gharama ya pistoni nne.