Imani Ipitayo Mlango wa Uani

Nyumba nyingi za mwambao wetu, na za miji ya bara iliyoiga ujenzi wa mwambao, huwa na milango miwili: wa mbele, unaoelekea barazani, ambao ni wa wageni na wa mambo ya taadhima, na wa uani, ambao ni wa jirani ajaye kuomba kijinga cha moto au kukopa chumvi, asiyengoja kuitwa mara mbili wala kuwekewa kiti. Nimeanza na habari ya milango kwa kuwa nakusudia kusimulia ada moja ya Wakatoliki wa Afrika Mashariki, ada ya muumini wa kawaida kumshirikisha mwenziwe imani yake. Na kila nilipoichungua ada hiyo, katika historia na katika mitaa niliyokaa, niliona kwamba padre hupokelewa barazani kama impasavyo, lakini neno la kwanza lililomfanya mwenye nyumba atake kumsikiliza padre aghalabu lilikwisha kupita uani kabla yake, limechukuliwa na mtu asiye na cheo, ambaye pengine alikuja kwa haja nyingine kabisa.

Wako wadhanio kwamba jambo hili ni jipya, limezuka baada ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Ni kweli kwamba hati ya Mtaguso juu ya utume wa walei, iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, ilieleza waziwazi kwamba walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, hawafanyi utume kwa hisani ya padre, wala kwa kumpokea mzigo pale achokapo, bali kwa haki na wajibu uliotokana na ubatizo na kipaimara chao. Ni kweli pia kwamba mwaka 1975 Papa Paulo VI, katika waraka wake Evangelii Nuntiandi, alikumbusha ya kuwa watu wa zama hizi huwasikiliza mashahidi kwa hiari zaidi kuliko walimu. Na mwaka 2013 Papa Fransisko, katika Evangelii Gaudium, akamhesabu kila mbatizwa kuwa mfuasi na mmisionari kwa pamoja. Lakini hayo yaliyoandikwa Roma yalikwisha kutendwa Buganda takriban miaka themanini kabla ya Mtaguso, na waliotenda hawakuwa na hati yoyote mikononi.

Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, walifika Entebbe Februari 1879, watangulizi wao wakiwa Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans. Hata hawajatimiza miaka minne, mambo ya ikulu ya Kabaka Mutesa yakawawia mazito, wakaondoka Novemba 1882 kwenda kusini ya ziwa, wakawaacha waongofu wachache na wakatekumeni wao bila Misa, bila padre wa kuwaungamisha, na bila ahadi ya siku ya kurudi. Mtu mwenye kufuata hesabu za kawaida angesema kwamba mche uliopandwa juzi, ukiachwa bila mwagiliaji, sharti ukauke. Ila mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta waumini wameongezeka. Wale walioachwa walikuwa wamefundishana wao kwa wao, nyumba kwa nyumba: ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwasomesha vijana wa Kabaka, na huko Mityana, nyumba ya Mathias Kalemba, mtu wa cheo katika utawala wa Ssingo, ikawa mahali pa kukutania na kusali, ambapo Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa miongoni mwa waliofundisha.

Napenda kumtazama huyo Mawaggali, kwa sababu kazi yake inatuonyesha namna ada hii inavyotendeka. Mfinyanzi hamwendei mtu kwa hotuba. Watu ndio wamwendeao kwa haja ya chungu, wakaketi kungoja, wakamtazama akiukanda udongo, na katika kungoja huko mazungumzo huzaliwa yenyewe. Kadhalika Karoli Lwanga, aliyeshika uongozi wa vijana wa ikulu baada ya Balikuddembe kuuawa Novemba 1885, alikuwa mtumishi miongoni mwa watumishi. Na usiku ule wa Mei 1886 kule Munyonyo, ilipodhihirika kwamba asubuhi italeta hukumu ya kifo kwa ajili ya imani yao, aliwabatiza kwa mkono wake mwenyewe wakatekumeni waliokuwa chini yake, mmoja wao Kizito, kijana wa miaka kama 14. Sheria ya Kanisa yaruhusu mtu yeyote kubatiza wakati wa hatari ya kifo, na hapo ruhusa hiyo ilitumiwa na kijana wa ikulu, usiku, pasipo kengele wala ubani.

Upande wetu wa Tanganyika, Mapadre wa Roho Mtakatifu walitua Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Na walipoanza kufungua misheni za bara, kama ile ya Mhonda mwaka 1877, walikwenda pamoja na familia za Kikristo zilizolelewa Bagamoyo, ili wenyeji wasisikie tu habari za Ukristo, bali waone mume na mke wakiuishi, wakilima, wakigombana na kupatana. Na kule Karema, kando ya ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 Adrian Atiman, mtu aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga katika kisiwa cha Malta. Huyu hakuwa padre. Alioa, akatibu wagonjwa na kufundisha katekisimu hata alipofariki mwaka 1956, na katika muda huo mrefu dawa na imani alizichukua katika mkoba mmoja.

Kutokana na watu wa namna hiyo likazaliwa jina ambalo kila kijiji cha Wakatoliki hulijua: katekista. Parokia zetu za shamba ni pana, nazo zimegawanywa katika vigango. Na kigango chaweza kukaa wiki nyingi bila kumwona padre. Siku ya Dominika ndiye katekista apigaye ile rimu ya gurudumu iliyotundikwa mwembeni badala ya kengele. Ndiye aongozaye ibada isiyo na padre, afundishaye wakatekumeni, awaandaaye watoto kwa komunyo ya kwanza, na azikaye wafu. Kisha Jumatatu humkuta shambani na jembe lake kama watu wengine, kwa maana posho yake, pale ilipo, haitoshi kumlisha. Papa Fransisko alipoiweka huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa zima, kwa barua yake ya tarehe 10 Mei 2021, wazee wengi wa vigangoni walikuwa wamekwisha kuitumikia huduma hiyo hata migongo ikapinda.

Lakini ada ninayoikusudia zaidi haimhusu katekista peke yake. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, waliazimia kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani nyumba chache za majirani, zenye somo wao mtakatifu, mwenyekiti, katibu na mhazini, zinazokutana kila juma kwa zamu katika nyumba za wanajumuiya. Azimio hilo halikupata shida kuota mizizi, kwa sababu lilikuta desturi ya ujirani imekwisha kulima shamba: watu waliozoea kuzikana, kuuguzana na kuchangiana harusi hawakuona ugeni katika kusali pamoja.

Nilihudhuria jumuiya moja ya namna hiyo Dar es Salaam, alfajiri ya Jumamosi, katika nyumba ya vyumba sita vya kupanga. Ukumbi ulikuwa mwembamba, hivyo mikeka ikatandikwa uani, baina ya kamba ya nguo na mapipa ya maji; mshumaa ukasimamishwa juu ya kigoda kilichofunikwa kitambaa cheupe, na Biblia iliyoshonwa upya mgongo wake kwa uzi ikawekwa kando. Kila aliyeingia alitoa salamu, “Tumsifu Yesu Kristo,” akaitikiwa, “Milele na milele, amina,” kisha akavua viatu. Injili ya Dominika ijayo ikasomwa mara mbili, pole pole, nayo ilikuwa ile habari ya mtumishi aliyesamehewa deni kubwa akamkaba mwenziwe kwa deni dogo; pakawa kimya, jogoo wa jirani akawika, na mama mmoja, muuza maandazi, akasema: “Mimi sina maneno mengi. Wiki mbili sasa simsalimu mwenzangu wa chumba cha pili kwa sababu ya zamu ya maji. Leo nitakwenda.” Hakuna aliyepiga makofi, wala mwenyekiti hakumsifu, aliitikia tu kwa kichwa, rozari ikaanza.

Mpangaji mmoja, kijana fundi wa baiskeli, asiyekuwa Mkatoliki, muda huo wote alikuwa akipepea jiko lake la mkaa pembeni, kwa kuwa ua ulikuwa wa wote na chai yake haikuweza kungoja sala za watu. Watu walipoanza kutawanyika akamwendea yule mama wa maandazi, akamwuliza kwa sauti ya chini: “Mama, shikamoo. Ile habari ya yule bwana aliyefuta deni lote, imeandikwa kweli, au mmeitunga?” Akajibiwa: “Marahaba, mwanangu. Imeandikwa. Njoo Jumamosi usomewe iliyobaki. Na usipokuja, maandazi yako yapo palepale.” Sikuambiwa kama kijana yule alikuja, wala mimi sikurudi kuuliza, nalitaja jambo hili kwa ajili ya namna lilivyosemwa, maana mama yule alialika bila kuvuta, na maandazi hakuyafanya kuwa ujira wa kusali.

Murua huo una maana kubwa katika nchi ambamo Mwislamu na Mkristo hupanga nyumba moja, na pengine huzaliwa tumbo moja. Yako mahubiri ambayo huanza kwa kukashifu dini ya jirani, na mwenye kuyahubiri hudhani ameitangaza imani, kumbe ameifunga milango yote miwili. Jumuiya iliyolelewa vizuri hufuata njia nyingine: mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari, sanamu ya Bikira Maria huchukuliwa kutoka nyumba hadi nyumba, na mara nyingi viti vya wageni huazimwa kwa jirani Mwislamu; naye katika mwezi wa Ramadhani akipeleka sahani ya futari upande wa pili wa ua, huipokea mkono wa wale wale aliowaazima viti. Na msiba ukitokea, wanajumuiya ndio aghalabu wa kwanza kufika, na sufuria, kuni na mikeka, wakakesha na kuimba. Ndugu wa marehemu walioacha Kanisa miaka mingi huwaona, na wengine hurudi kwa ajili ya usiku huo mmoja kuliko kwa mahubiri ya mwaka mzima. Legio ya Maria, chama cha walei kilichoenezwa katika nchi zetu na mlei mwingine, Edel Quinn wa Ireland, aliyefika Nairobi mwaka 1936 akiwa mgonjwa wa kifua na kufariki huko mwaka 1944, ina kanuni ifaayo kukumbukwa: wanalegio huenda kuwazuru watu wawili wawili, na hawaruhusiwi katika ziara zao kugawa fedha wala vitu, wasije wakapokewa kwa ajili ya mkono badala ya neno.

Hata hivyo, ada ikikaa sana bila kuangaliwa huota kutu, na sina budi kuyasema yaliyo wazi. Ziko jumuiya ambazo Injili husomwa kwa dakika tano na daftari la michango kwa nusu saa, hata mgeni akadhani amekaribishwa chamani. Wako wanaume ambao huziacha sala za jumuiya kwa wake zao, kana kwamba ubatizo ulikuwa wa upande mmoja wa nyumba. Na wako wengi ambao huonekana tu siku wanapotaka barua ya kuwatambulisha kwa paroko, mtoto abatizwe au harusi ifungwe. Barua ikishatiwa saini, hutoweka hata mtoto mwingine azaliwe. Hawa, ukiwauliza kwa nini hawamwambii jirani neno la imani yao, hujibu kwamba hiyo ni kazi ya padre, naye amesomea. Nao husema hivyo kwa unyenyekevu, wasijue kwamba unyenyekevu huo ungaliishika Buganda mwaka 1882, mapadre wangalirudi na kukuta majivu.

Basi msomaji wangu, ikiwa wewe ni katika watu hao, sikuagizi uende sokoni na kipaza sauti. Bisha hodi uani kwa jirani yako. Muulize hali ya mgonjwa wake kabla ya kumwambia lolote. Na siku atakapokuuliza unachokisali kila Jumamosi, mjibu kwa kadiri ujuavyo, usiongeze chumvi, na usichokijua mpeleke kwa ajuaye. Wala usijione huna daraja la kutenda hayo. Wale Wafiadini Wakatoliki wa Uganda, akina Lwanga na Mawaggali, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na ambao kila tarehe 3 Juni mahujaji huwaendea Namugongo, wengine kwa miguu kutoka mbali, idadi yao ni 22; na miongoni mwao padre hayumo hata mmoja.