Tofauti Zetu Katika Shura: Mzigo au Amana?

Himdi zote ni za Allah (s.w.), aliyewaumba waja Wake kwa rangi na ndimi mbalimbali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe katika kamati ya msikiti mmoja ambao sitautaja jina. Tulikuwa wajumbe 8, sote wanaume, sote wa rika moja, na ukinitoa mimi, wote walikuwa wafanyabiashara wa soko moja. Vikao vyetu vilikuwa vitamu, kwani hakuna aliyempinga mwenzake. Siku moja likaletwa shauri la kukifukia kisima cha zamani kilicho nyuma ya birika, ili pale pajengwe vyumba viwili vya kupangisha. Hoja ilikuwa kwamba maji ya bomba yapo, na kisima kinachukua nafasi bure. Shauri lilipita kwa muda mfupi kuliko ule wa kunywa kikombe cha kahawa.

Mwadhini wetu, mzee aliyekitumikia kisima kile kwa miaka mingi, hakuulizwa. Wala hawakuulizwa akina mama waliokuwa wakichota pale maji ya nyumbani. Ramadhani iliyofuata maji ya bomba yalikatika, na waumini wakawa wanazunguka mitaani na ndoo kutafuta maji ya udhu wa tarawehe. Nilipomwendea yule mzee, aliniambia kwa upole kwamba bomba hukauka kila mwaka msimu ule, na kwamba angetuambia lau tungemuuliza. Mimi niliyekuwa nikidarsisha mlango wa shura nilikuwa nimekaa kimya katika kikao kile, nikadhani kimya changu ni umoja.

Makala hii imeandikwa kwa sababu ya kisima kile. Tutaeleza, kwa idhini ya Allah, kwamba tofauti za watu wanaoshauriana ni sehemu ya shura yenyewe, na kwamba wema waliotangulia walizitafuta na kuzihifadhi.

HITILAFU NA MFARAKANO

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Qur'ani imekataza mfarakano, yaani watu kugawanyika makundi yanayochukiana, kila moja likifurahia lililo nalo. Ama hitilafu ya watu wanaotafuta haki katika jambo lenye nafasi ya rai, hiyo ni kitu kingine. Aya ya 22 ya Suratur-Rum imehesabu kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa katika dalili za Allah, na aya ya 13 ya Suratul-Hujurat imeeleza kwamba kufanywa kwetu mataifa na makabila kuna hekima ya kujuana. Na kujuana ni zaidi ya kutambuana majina. Ndani yake mna kujua mwenzako anajua nini usichokijua wewe.

Pili, tuweke mpaka. Jambo lenye nassi iliyo wazi halipigiwi kura. Hakuna kamati inayoweza kukaa ikapunguza rakaa za adhuhuri. Mazungumzo yetu yahusu mambo ya ijtihadi na maslaha: ujenzi, wakfu, madrasa, zaka igawiwe vipi, mgonjwa asaidiwe kwa njia gani. Na hayo ndiyo mengi katika kazi za kila siku za jumuiya zetu.

SOMO LA UHUD

Mwaka wa 3 Hijria (625), Makuraishi walipokuja kuivamia Madina, Mtume (s.a.w.) aliwashauri Maswahaba: wabaki mjini wajilinde, au watoke nje wapambane? Rai yake mwenyewe ilielekea kubaki. Wengi, hasa waliokosa kuhudhuria Badri, walitaka kutoka. Akatoka nao. Yaliyotokea Uhud yanajulikana: Waislamu wapatao 70 waliuawa, akiwemo ami yake Hamza (r.a.).

Mtu angetarajia baada ya hapo iteremke amri ya kuacha kuwashauri vijana wenye haraka. Lakini miongoni mwa aya zilizoteremka kuhusu vita hivyo ni aya ya 159 ya Suratu Aal Imran, ambayo inamwamuru Mtume (s.a.w.) awasamehe, awaombee maghfira, na aendelee kushauriana nao. Zingatia mpangilio huo: msamaha kwanza, kisha shura. Anayejua kwamba akikosea rai atatahayarishwa hadharani, hatasema tena. Basi shura haisimami bila ya kuwasamehe waliokosea kwa nia njema.

UMAR NJIANI KWENDA SHAM

Amepokea Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), kisa ambacho kila mwenyekiti wa kikao angefaa kukisoma. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, makamanda wake, akiwemo Abu Ubayda (r.a.), walimpokea kwa habari kwamba maradhi ya tauni yameingia nchi ile. Aendelee au arudi?

Umar alimtuma Ibn Abbas, kijana wakati ule, awaite Muhajirina wa mwanzo. Wakahitilafiana: wengine walisema umetoka kwa jambo, usirudi nyuma, wengine walisema usiwaingize Maswahaba hawa katika maradhi. Akawaondosha, akawaita Ansari. Nao wakahitilafiana vilevile. Akawaita wazee wa Kikuraishi waliohama wakati wa kutekwa Makka. Hao kwa daraja ya kutangulia katika Uislamu wako nyuma ya wale wa kwanza, lakini ni wazee walioona mengi ya dunia. Wakakubaliana wote: rudi na watu. Umar akatangaza kurudi.

Abu Ubayda akampinga mbele ya watu: je, ni kuikimbia kadari ya Allah? Umar hakumnyamazisha. Alijibu kwamba wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye ng'ambo mbili, moja yenye malisho na moja kavu. Popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwepo kwa haja zake, akasema ana elimu ya jambo hilo: alimsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia nchi yenye tauni, na akikataza kutoka kwa kuikimbia kwa aliyekwishakuwamo. Umar akamhimidi Allah, akaondoka.

Tazama yaliyomo. Makundi matatu yaliulizwa, kila moja peke yake, ili wadogo wasifunikwe na haiba ya wakubwa. Rai iliyofuatwa ilitoka kwa kundi lililoitwa mwisho. Aliyepinga alijibiwa kwa hoja. Na nassi yenyewe ilikuwa kifuani mwa mtu mmoja ambaye hakuwepo kikaoni. Tauni hiyo ndiyo ijulikanayo kwa jina la tauni ya Amwas, ya mwaka 18 Hijria (639), na Abu Ubayda mwenyewe, aliyerudi kwa watu wake, alifariki kwayo. Hayo yalikuwa maamuzi ya uhai na mauti, na bado Umar alipata nafasi ya kusikiliza.

DUARA LA IMAM ABU HANIFA

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa anayetaka kuona kundi la watu tofauti likifanya kazi moja, ni duara la Imam Abu Hanifa, An-Nu'man bin Thabit (80–150 Hijria), mjini Kufa. Mji huo uliasisiwa zama za Umar ukiwa kambi ya jeshi, wakakaa humo Waarabu wa makabila mengi pamoja na Waajemi waliosilimu. Abu Hanifa mwenyewe alikuwa wa asili ya Kiajemi na mfanyabiashara wa nguo za hariri, akijua sokoni watu wanauziana vipi.

Wanafunzi wake hawakufanana. Abu Yusuf (amefariki 182 Hijria) alitoka katika ufukara na alikuwa bingwa wa hadithi. Zufar bin Al-Hudhail alikuwa mkali wa qiyasi. Al-Qasim bin Ma'n alikuwa mjuzi wa lugha ya Kiarabu. Dawud At-Tai alikuwa mtu wa zuhudi. Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaibani (amefariki 189 Hijria) alikuwa kijana mdogo mbele yao, na ndiye aliyekuja kuiandika fiq-hi ya duara lile. Imepokewa kwamba Waki' bin Al-Jarrah, mwanachuoni wa hadithi, alipomsikia mtu akisema Abu Hanifa amekosea, alimjibu kwa kuwataja watu hawa mmoja mmoja na fani zao, akauliza vipi akosee mtu aliyezungukwa nao, nao wangemrudisha lau angekosea. Hakuutaja wingi wa kumbukumbu ya Imam wala akili yake. Alitaja watu waliomzunguka, na kwamba kila mmoja alikuwa na lake.

Mas'ala yalikuwa yakitupwa katikati ya duara, yakajadiliwa, pengine kwa siku nyingi, kabla ya kuandikwa. Na hata baada ya hapo, wanafunzi walibaki na rai zao. Mfano ni mas'ala ya wakfu. Abu Hanifa aliona kwamba wakfu kwa asili yake haumfungi mwenyewe, anaweza kuurejea, isipokuwa kwa hali maalumu kama hukumu ya kadhi, au ukiwa ni msikiti. Abu Yusuf alikuwa na rai hiyo, kisha imesimuliwa kwamba alipohiji pamoja na Harun Ar-Rashid na kuziona wakfu za Maswahaba Madina, aliiacha. Yeye na Muhammad wakasema wakfu ukishawekwa haurudi. Na hao wawili nao wakahitilafiana: Abu Yusuf akasema unatimia kwa tamko, Muhammad akasema mpaka ukabidhiwe kwa msimamizi.

Wanavyuoni wa Kihanafi hawakuzifuta rai hizo. Vitabu vyao vinazitaja pamoja, ya mwalimu na za wanafunzi, na katika mas'ala haya fatwa ya madhehebu imekwenda kwa wanafunzi. Lau Abu Hanifa angewafukuza waliompinga, Wahanafi wangekosa rai iliyohifadhi mali za mayatima na misikiti kwa karne nyingi. Hitilafu ya leo ikiandikwa vizuri huwa akiba ya kesho.

Na sisi Mashafii tusidhani jambo hili halituhusu. Imam Shafii (150–204 Hijria) alisoma kwa Imam Malik Madina, kisha akasoma kwa huyo huyo Muhammad bin Al-Hasan Iraki. Alijadiliana naye, akamheshimu, akatoka na njia yake mwenyewe.

MWAMBAO WETU

Hata hapa kwetu mfano upo. Katika Unguja ya karne ya 19, masultani walikuwa Waibadhi na raia wengi wa Kiislamu walikuwa Mashafii. Walikuwapo makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kisunni. Sheikh Abdulaziz Al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, na baada yake Sayyid Ahmad bin Sumait (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija, wote Mashafii, walikuwa makadhi chini ya watawala wa madhehebu mengine. Haina maana kwamba hapakuwa na mijadala. Ilikuwapo, tena mikali. Lakini mtu alikwenda kwa kadhi akahukumiwa kwa anayoyaamini, na kadhi hakulazimishwa kuacha madhehebu yake ili apate kazi.

ADABU ZA KIKAO

Kutokana na hayo tunaweza kuchukua mambo manne ya kutenda:

1. Kabla ya kuamua, aulizwe atakayeguswa na uamuzi. Ukizungumzia udhu, muulize mwadhini na mlemavu. Ukizungumzia madrasa, muulize mama wa mwanafunzi na mwalimu wa watoto wadogo.

2. Mdogo na mgeni wapewe nafasi ya kusema kabla ya wakubwa, au wasikilizwe peke yao kama alivyofanya Umar.

3. Rai iliyoshindwa iandikwe katika kumbukumbu za kikao pamoja na hoja yake. Kuiandika si kumdhalilisha aliyeitoa wala kumpa ushindi. Huenda mwaka kesho tukaihitaji.

4. Likishapitishwa jambo, wote walitekeleze, kama Mtume (s.a.w.) alivyotoka kwenda Uhud na wale alioafikiana nao na wale waliokuwa na rai nyingine. Na likienda kombo, tuanze na msamaha.

HITIMISHO

Ndugu imamu, na wewe ndugu mjumbe wa kamati, ukiona watu wote uliowachagua wanakuitikia, jiulize kama umechagua washauri au umechagua vioo. Kioo hukuonyesha uso wako tu, hata nyuma yako kukiwa na shimo.

Mimi sikusema siku ile. Lau ningesema neno moja tu, kwamba tumwite mzee tumuulize, pengine kisima kingekuwepo. Vyumba viwili vimejengwa na vina wapangaji, na sehemu ya kodi yake kila mwezi hulipia maji ya matangi. Yule mzee amekwishatangulia mbele ya haki. Twamuomba Allah (s.w.) amrehemu, atusamehe tuliyoyapitisha bila ya kuuliza, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza neno wakafuata lililo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq.