Stika Haiongezi Mtandao

"Injinia, hii stika ya antena ya 5G ninunue?" Swali hili linanifuata kuanzia stendi ya Makambako hadi sokoni Njombe. Jibu ni lilelile: usinunue.

Muuzaji anadai stika inanasa mawimbi ya milimita. Yapi? Mnada wa masafa ulioendeshwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) Oktoba 2022 ulihusu megahezi 700, 2300, 2600 na 3500. Wimbi la megahezi 3500 lina urefu wa karibu sentimita 9. Milimita ziko wapi hapo?

Tuseme mawimbi hayo yangekuwepo. Kwenye gigahezi 28, vipimo vya New York vilionyesha tofali likila desibeli 28: nguvu inayopenya haifiki hata sehemu moja ya 600. Mtu akikatiza mbele yako, au kiganja kikifunika antena, mtandao unayumba. Ndiyo maana simu za masafa hayo hubeba antena ndogondogo pembeni. Kila antena hupewa wimbi lililocheleweshwa kwa kipimo chake, ili zote zisukume upande mmoja. Ukigeuza simu, hesabu inapigwa upya papo hapo. Sasa kipande cha karatasi ya madini kisichounganishwa na chochote kitajuaje mnara uko upande gani? Kikikaa juu ya antena, kinaziba tu.

"Lakini vijiti vya mtandao vilipanda!" Vilipanda kwa sababu ulisogea, au mnara ulipungukiwa na watu. Acha vijiti, soma namba. Weka simu mezani, ingia kwenye mipangilio, tafuta hali ya laini, soma nguvu ya mtandao kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Karibu na −85 ni nzuri. −110 ni dhaifu. Pima bila stika, kisha nayo, mara kadhaa, simu ikiwa palepale. Utaona mwenyewe.

Kinachokuangusha ni bati la paa na ukuta wa matofali ya kuchoma. Kwa hiyo: sogea kwenye dirisha linalotazama mnara, vua kava la chuma, ruta iweke dirishani, si nyuma ya kabati; 5G ikiyumba, rudi 4G. Mashine ya kukuza mawimbi isiyoidhinishwa na TCRA usiifunge, itawavurugia mtaa mzima. Bado tatizo? Mpigie mtoa huduma, mtajie mtaa, saa na dBm uliyosoma. Malalamiko yenye namba hayapuuzwi kirahisi.